Kuja Nungwi: maswali mnayoniuliza kila siku, na majibu ya mtoto wa hapa

Nimezaliwa Nungwi, kule ncha ya kaskazini ya Unguja. Babu alikuwa fundi wa vyombo vya baharini, baba ni mvuvi wa mshipi, mie siku hizi napokea wageni. Simu yangu kila wiki inajaa maswali yaleyale, toka Dar, Arusha, Mombasa, Nairobi, mpaka ndugu zetu walioko Muscat na London wanaotaka kuleta watoto nyumbani. Nimeona bora niyaandike yote pamoja. Mengine nimejibu kwa urefu kwa sababu yananigusa, mengine nimejibu haraka tu.

Nungwi ni kijiji au ni mji wa mahoteli?

Vyote viwili, na hapo ndipo wageni wengi wanapopotea. Ukishushwa na teksi getini hotelini ukakaa siku nne afu ukaondoka, utasema Nungwi ni mahoteli, mabaa na vitanda vya kuotea jua. Lakini toka nje ya geti, tembea dakika tano tu kuingia ndani, utakuta nyumba za mawe na chokaa, kina mama wamekaa barazani wanasuka ukili, watoto wanatoka chuoni na misahafu, na wanaume wanashona nyavu kwenye kivuli. Kijiji kilikuwepo kabla ya mahoteli na kipo mpaka leo, watu wake wanavua, wanaunda vyombo, wanaoa na wanazika hapohapo.

Mambo yalianza kubadilika miaka ya themanini mwishoni. Bei ya karafuu ilikuwa imeanguka duniani, serikali ikatafuta njia nyingine ya kupata pesa za kigeni na utalii ukafunguliwa. Walianza kuja vijana wa Kizungu na mabegi mgongoni, wanalala vibandani na wanakula wanachokula wenyeji. Baadae zikaja nyumba za wageni, afu mahoteli makubwa. Leo ufukwe wa magharibi umejengwa karibu wote.

Nafikaje kutoka Dar?

Kwa boti au kwa ndege. Boti za Azam zinatoka bandarini Dar, ya kwanza ni ya saa 1 asubuhi, na safari ni kama saa mbili hivi, inategemea boti na bahari. Ndege haifiki hata nusu saa angani, ila ukijumlisha kwenda airport na kusubiri unaona tofauti sio kubwa kiivo. Msimu wa kusi, ule upepo wa kusini, bahari inachafuka, anayetapika kirahisi akae nyuma chini, asikae mbele juu.

Ukifika mjini Unguja bado una kama kilomita 60 mpaka Nungwi. Teksi ni saa moja na kidogo. Daladala ni namba 116, unapandia stendi ya Kijangwani, ni pesa kidogo sana lakini uwe na subira mana inasimama kila penye mtu, inapakia magunia, ndoo za samaki na kuku, inaweza kula saa mbili nzima. Mie nakushauri uipande hata mara moja, wakati wa kurudi. Utapita Mahonda, utapita karibu na Mkokotoni, utaona mashamba ya miwa na minazi, na utasikia mazungumzo ya watu wa kaskazini wenyewe. Hakikisha tu huna mabegi makubwa.

Natakiwa kuwa na pasi ya kusafiria?

Mtanzania hahitaji, kitambulisho chako kinatosha, na usikisahau mana bila hicho kukata tiketi ya boti ni shida. Mkenya na Mganda hawahitaji viza lakini hati ya kusafiria lazima, na pale bandarini au airport mtapita uhamiaji hata kama mmetokea Dar. Wageni wa nje kuanzia Oktoba 2024 wanatakiwa wawe na bima ya safari ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, inalipiwa mtandaoni kabla ya kufika. Sisi Watanzania haituhusu. Ndugu zangu wenye pasi za nje, angalieni tovuti rasmi kabla hamjasafiri, msije mkaanza kubishana na maofisa wakati watoto wamechoka.

Nije mwezi gani?

Juni mpaka Oktoba ni kavu, kuna upepo wa kusi na usiku kuna baridi kidogo. Disemba mpaka Februari ni kaskazi, joto, bahari nzuri, bei ziko juu na Krismasi hakuna pa kulala. Machi mwishoni mpaka Mei ni masika, mvua kweli kweli, hoteli nyingine zinafunga kabisa na zilizobaki zinashusha bei. Mwenye pesa ndogo na asiyeogopa kulowa aje mwezi wa tano, atalala pazuri kwa bei ambayo Agosti angeiota tu. Novemba kuna vuli, inanyesha inaacha, sio ya kukuharibia safari.

Nimesikia bahari ya Zanzibar inakauka, ni kweli?

Haikauki, inakupwa, yaani maji yanatoka afu yanarudi. Hapa kwetu maji yanajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kwenye bamvua, yaani siku ambazo maji yanajaa na kutoka zaidi, tofauti ya kina inafika kama mita 4. Upande wa mashariki, Paje, Jambiani, Matemwe, pwani ni tambarare, kwaiyo maji yakitoka yanatoka mbali, unatembea muda mrefu mpaka ukutane na bahari. Nungwi upande wa magharibi pamoja na Kendwa pana kina karibu, kwaiyo unaogelea karibu saa zote. Ndo sababu kubwa mahoteli yakajaa huku.

Sasa ntakupa elimu ya wavuvi, itakusaidia popote Unguja. Angalia mwezi. Ukiandama, au ukiwa mpevu, hapo ni bamvua, na bamvua huku kwetu maji yanajaa mida ya saa 10 alasiri na yanakupwa mida ya saa 4 asubuhi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanajaa kidogo na yanatoka kidogo, na saa zake ni kinyume, kujaa ni asubuhi mida ya saa 4. Kila siku inasogea mbele kama dakika 50. Basi ukijua hivo tu unaweza kupanga siku yako yote bila kumuuliza mtu. Unataka picha za mchanga mweupe na ngalawa zimelala ubavu, njoo bamvua ufike pwani asubuhi. Watoto wanataka kuoga jioni, bamvua hiyohiyo. Na ukiwaona kina mama wa kijiji wanashuka mwambani na vijiti na vikapu maji yakiwa yametoka, wanakwenda kutafuta pweza na makombe. Hiyo ni kazi, usiwazunguke na kamera.

Nungwi au Kendwa?

Kendwa ni kama kilomita 3 kusini, mchanga mpana, kumetulia mchana, na usiku wa sherehe ya mwezi mpevu hakulaliki. Mwenye familia au mtu anayetaka bahari tu akae Kendwa. Anayetaka kuona watu akae Nungwi. Maji yakitoka unaweza kutembea kwa miguu pwani kati ya sehemu mbili hizi, ila angalia saa ya maji kujaa, mana kuna sehemu ya mawe ukichelewa utarudi kwa barabara.

Sisi weusi wenzenu tukija tutaruhusiwa kupita mbele ya mahoteli?

Swali hili linaniuma kila nikiulizwa, na naulizwa sana. Jibu ni ndio. Ufukwe sio mali ya hoteli. Ardhi ya Zanzibar ni ya serikali, mwekezaji anakodishwa kwa miaka, na pwani yenyewe ni njia ya watu wote, wavuvi wanaipita tangu babu wa babu zetu. Vitanda na miavuli ni vya hoteli, hivo huwezi kukalia bila kulipa, lakini mchanga na maji ni vyako.

Nasema hivi kwa sababu mwaka fulani baba yangu, mtu mzima, kabeba mshipi na kapu la samaki wake, alisimamishwa na mlinzi wa hoteli moja akaambiwa azunguke nyuma asipite mbele ya wageni. Pale aliposimamishwa ndipo alipokuwa akifunga ngalawa yake tangu kijana. Hakubishana. Alizunguka, akafika nyumbani akakaa kimya mpaka magharibi, na sijawahi kumuona vile. Yule mlinzi alikuwa kijana wa watu, katumwa tu, sikumlaumu yeye. Lakini tangu siku ile kila mgeni wangu namwambia, ukimuona mvuvi anapita na samaki wake msalimie, mpishe, ndo mwenye njia.

Na wewe ukisimamishwa usirushe maneno. Sema kwa utulivu kwamba unapita tu pwani. Mara nyingi yanaishia hapo.

Mbona bei yangu tofauti na ya Mzungu, au mbona mnatuchaji kama Wazungu?

Hoteli nyingi zina bei ya mkaazi na bei ya mgeni, ila hazitangazi. Piga simu mwenyewe, ongea Kiswahili, sema uko Tanzania, uliza bei ya mkaazi. Ukibuki kwenye zile tovuti za kimataifa utalipa bei ya dola. Kwenye vyombo vya safari za baharini, patana kabla hujapanda, na uliza bei ni ya chombo kizima au ya kichwa. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Usipatane mpaka ukamkausha mtu lakini, mafuta ya mashine ni ghali na anaekupeleka ana watoto.

Papasi wanasumbua?

Wale vijana wanaowafata wageni kuwauzia vitu? Wanasumbua, ndio. Watakufata pwani, safari, picha, vikoi, kila kitu. Wengi ni vijana wasio na ajira rasmi wanaoishi kwa kamisheni, na sio wote wa Nungwi, wametoka kila pembe ya nchi, kuna na vijana wa Kimasai wanaouza shanga. Ukisema "ahsante ndugu yangu, leo sitaki" kwa Kiswahili na tabasamu, wengi wanakuacha. Usimpe mtu pesa ya safari ya kesho bila kujua ofisi yake iko wapi.

Nivae nini?

Pwani vaa nguo zako za kuogea, hakuna neno. Ukiingia kijijini jifunike, mwanamke mabega mpaka magoti, mwanaume avae shati. Kanga moja begani inamaliza kila kitu. Hii sio sheria ya hoteli, ni heshima, na serikali imeweka faini kwa watalii wanaotembea nusu uchi mitaani. Mbele ya nyumba yetu kuna msikiti, na mama yangu ana miaka zaidi ya sabini, anakaa barazani kila alasiri. Akipita mtu na bikini anainamisha kichwa. Halalamiki, ila mie namuona.

Naweza kuona wanavyounda majahazi?

Unaweza, na kama una nusu siku tu Nungwi basi nusu siku yenyewe nenda huko, bahari utaiona popote. Mafundi wanafanya kazi pwani, chini ya makuti, karibu na wanaposhukia wavuvi. Hawana ramani ya karatasi. Chombo kiko kichwani na kwenye jicho. Wanaanza na mkuku, ule uti wa mgongo wa chini, wanasimamisha mataruma ambayo ni kama mbavu, miti yake inachaguliwa iliyopinda yenyewe shambani ili mbao isikatwe ikakosa nguvu. Afu mbao za ubavuni, misumari, tezo, na keekee ya kutobolea inayovutwa kwa upinde, ingawa siku hizi utasikia na mashine za umeme. Mwisho ni kalafati, pamba inapigwa kwenye nyufa zote na kupakwa mafuta ili maji yasiingie. Ile tok tok tok ya nyundo ya kalafati ndo sauti niliyoamkia utoto wangu wote.

Ngalawa ni kitu kingine, inachongwa kwenye gogo moja, mara nyingi la mwembe, na inawekwa matengo pande mbili isipinduke. Miembe mikubwa imepungua, kwaiyo siku hizi gogo linatoka mbali na bei imepanda, na vijana wengine wanaona bora waendeshe wageni kuliko kujifunza ufundi wa miaka. Jahazi kubwa linachukua miezi. Likiwa tayari watu wanaitwa kulishua, kijiji kizima kinavuta kamba kwa nyimbo mpaka liguse maji, kunasomwa dua na kunapikwa pilau. Ukibahatika kuikuta siku hiyo weka simu mfukoni, shika kamba, vuta na wenzio. Utakula na pilau.

Fundi anafanya kazi kwa mkataba wa mtu, kwaiyo salimia kwanza, omba kupiga picha, na ukikaa muda mrefu kumuuliza maswali mwachie kitu cha chai.

Samaki wanauzwa wapi?

Pwani, kwa mnada. Vyombo vya dagaa vinavyovua kwa taa usiku wa giza vinarudi alfajiri, wa mshipi na nyavu wanarudi kwa saa tofauti kutegemea maji na upepo. Samaki wanamwagwa mchangani, dalali anaita bei, na mnada wa fungu moja unakwisha kabla hujaelewa nani kachukua. Utaona changu, tasi, kolekole, nguru, jodari, pweza, ngisi. Kwa ukweli samaki wakubwa na pweza siku hizi wanachukuliwa na wanunuzi wa mahoteli, mama wa nyumbani anabaki na vibua na dagaa. Pesa ya mvuvi imepanda, ni kweli, na kitoweo cha jirani yake nacho kimepanda. Ukitaka kununua mwombe mwenyeji akusimamie, afu mpe mama lishe akupikie, utakula samaki ambaye asubuhi alikuwa baharini.

Tukale wapi, mbali na hotelini?

Ndani ya kijiji. Asubuhi tafuta chai ya maziwa na chapati na maharage, au mkate wa kumimina. Mchana wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Pweza wa nazi aliyepikwa na mama wa Nungwi huwezi kumfananisha na wa mezani hotelini. Urojo, ile supu nzito yetu ya Zanzibar, upo, ila mfalme wa urojo ni mjini, kulani mkipita.

Kasa wale wa Mnarani vipi, niende?

Mnarani iko karibu na mnara wa taa, ni bwawa la asili kwenye mwamba, maji yanaingia na kutoka na bahari. Lilianzishwa na watu wa kijiji wenyewe miaka ya tisini kutunza kasa wanaonaswa nyavuni, na wengine wanarudishwa baharini. Zamani kasa alikuwa kitoweo, kwaiyo mvuvi kumleta kasa mzima badala ya kumchinja ni mabadiliko makubwa na najivunia. Nenda, lipa kiingilio, wape mwani, uliza maswali. Ila ushauri wangu, usiingie majini nao wala kuwashika wala kuwapanda mgongoni kwa ajili ya picha, hasa ukiwa umejipaka mafuta ya jua. Na usinunue bangili za magamba ya ng'amba hata uambiwe ni za zamani, ni marufuku.

Na kisiwa cha Mnemba?

Matumbawe mazuri na samaki wa rangi zote, unavaa miwani ya maji unaangalia. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi, hushuki, unaogelea pembeni tu, na kuna ada ya hifadhi. Nenda asubuhi na mapema kabla vyombo havijajazana. Pomboo mkiwakuta mwambie nahodha asiwakimbize. Akiwakimbiza wanaondoka na kesho hawarudi.

Ramadhani inakuwaje?

Mahoteli yanaendelea kama kawaida, lakini vibanda vya kijijini mchana vimefungwa, na kula au kuvuta sigara hadharani ni kukosa adabu hata kama wewe sio Muislamu. Magharibi ndo raha yake. Ukialikwa kufuturu usikatae.

Nije na mpenzi wangu, tutaulizwa cheti cha ndoa?

Hoteli za pwani hawaulizi. Gesti ndogo za ndani kijijini wengine wanauliza, hasa mkiwa wenyeji, piga simu kabla. Mkiwa kijijini msishikane shikane.

Usalama na watoto?

Kijiji ni salama, mie watoto wangu wanacheza nje mpaka magharibi. Pwani usiku wa manane yenye giza usitembee peke yako na simu mkononi, kama sehemu yoyote ya watalii. Majini hatari ni wale viumbe weusi wa miba mirefu wanaokaa mwambani, nunua viatu vya maji, na yavuyavu, wale viumbe laini wanaoelea majini, msimu mwingine wanawasha. Malaria Zanzibar imepungua sana miaka mingi sasa lakini mbu wapo, lala kwenye chandarua. Ukiugua, Nungwi kuna kituo cha afya, na hospitali ya karibu ni Kivunge.

Pesa na simu?

Mtandao upo mzuri. ATM ni chache na wikiendi zinaweza kuishiwa, njoo na pesa taslimu au tumia pesa za simu, mawakala wapo kila kona. Mifuko ya plastiki iache ulikotoka, imekatazwa.

Nina siku moja tu, nifanye nini?

Fika asubuhi, pitia mnadani, nenda kwa mafundi, kula mchana kijijini, Mnarani, afu oga baharini mpaka jua lizame. Jua la Nungwi linazama baharini, kisiwa cha Tumbatu kikiwa kushoto kwako, na saa hizo ndo ngalawa zinatweka matanga kwenda kulala baharini.

Nilete zawadi gani?

Msiwape watoto pipi wala pesa pwani, wanaacha skuli kuja kuwasubiri wageni, nimewaona kwa macho yangu. Ukitaka kuleta kitu leta madaftari na kalamu, umkabidhi mwalimu mkuu mkononi. Na kwa mvuvi, mshipi mzuri na ndoana. Baba mpaka leo ana ndoana alizoletewa na mgeni mmoja wa Tanga, amezifunga kwenye kitambaa, anazitumia moja moja.